Hoteli Imekata Fedha Mara Mbili kwenye Kadi ya Benki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya msafiri anayelipia hoteli kwa kadi ya debiti, yaani ile kadi ya ATM iliyounganishwa moja kwa moja na akaunti yake, ambaye amefungua simu na kukuta gharama ya chumba imeondoka mara mbili. Mifano mingi inatoka Dubai, kwa sababu huko ndiko wanakofuata bidhaa wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala, na kwa sababu hoteli nyingi za Deira, eneo la biashara la Dubai, hudai amana pale pale mgeni anapoingia. Hata hivyo, utaratibu wa kadi za Visa na Mastercard hautofautiani sana ukilala Istanbul, Mumbai, London au Arusha.

Nimeona mistari miwili ya hoteli ileile kwenye simu. Je, nimekatwa mara mbili?

Huenda umekatwa mara mbili, lakini mara nyingi mstari mmoja kati ya hiyo miwili si malipo bali ni zuio. Mhudumu wa mapokezi anapochukua kadi yako siku ya kuingia, mashine yake huiuliza benki yako kama kiasi fulani kipo, na huiomba ikiweke kando mpaka utakapoondoka. Benki ikikubali hutoa namba ya idhini yenye herufi au tarakimu sita, na kuanzia hapo kiasi hicho hakihesabiwi tena katika fedha unazoweza kutumia, ingawa bado kimo ndani ya akaunti yako na hoteli haijapokea hata senti.

Tuseme chumba ni dirham 300 kwa usiku, mgeni analala mara nne, na hoteli inataka amana ya dirham 500. Siku ya kuingia huzuiwa dirham 1,700. Siku ya kutoka hesabu inakuwa dirham 1,200. Mhudumu akikamilisha muamala uleule wa mwanzo kwa kutumia namba yake ya idhini, zuio hubadilika kuwa malipo ya dirham 1,200 na zile 500 huachiliwa. Lakini akianza muamala mpya kana kwamba ule wa mwanzo haukuwapo, benki huona mambo mawili yasiyohusiana: zuio la 1,700 na malipo ya 1,200. Dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo mgeni huyo sasa hawezi kugusa takriban dola 790, wakati deni lake halisi halifiki dola 330.

Ukishajua kama mstari wa pili ni zuio au ni malipo yaliyokamilika, utajua pia umwendee nani, upeleke karatasi gani na usubiri kwa muda gani. Ndiyo maana swali hilo linapaswa kujibiwa kabla ya kugombana na mtu yeyote.

Nitatofautishaje zuio na malipo yaliyokamilika?

Anza na programu ya benki. Nyingi huonyesha masalio mawili, moja likiwa kiasi kilichomo kwenye akaunti na jingine likiwa kiasi unachoweza kutumia, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo jumla ya mazuio yote. Muamala ambao bado ni zuio huwekwa alama ya Pending au huorodheshwa mahali pake peke yake, na hauonekani katika taarifa rasmi ya akaunti. Ujumbe mfupi wa simu usikuhadae: baadhi ya benki hutuma maneno yaleyale ya kwamba umelipa, iwe fedha zimezuiwa tu au zimekwisha kuondoka.

Kisha tazama risiti za mashine. Ile ya zuio kwa kawaida huandikwa PRE-AUTH, na ile ya malipo huandikwa SALE au COMPLETION. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini, kwa sababu zipo hoteli, hasa ndogo, ambazo huchukua amana kwa njia ya SALE, yaani hukukata kabisa na kuahidi kukurejeshea siku ya kuondoka. Amana ya namna hiyo haiwezi kuisha yenyewe kama zuio. Isiporejeshwa kwa mkono wa mtu, haitarudi.

Kama bado hupati uhakika, piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi na uulize kwa maneno haya: je, muamala huu umeshawasilishwa na benki ya hoteli kwa ajili ya malipo, au ni idhini peke yake? Mhudumu wa benki anayeulizwa hivyo hulazimika kufungua rekodi yenyewe badala ya kukusomea salio ambalo tayari unaliona.

Kwa nini zuio halikuondoka nilipomaliza kulipa?

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile iliyoelezwa juu, ya mhudumu wa zamu ya asubuhi kutotumia namba ya idhini iliyochukuliwa na mwenzake wa zamu ya usiku. Sababu ya pili ni mgeni kubadili njia ya malipo: aliingia kwa kadi, akalipa kwa fedha taslimu siku ya kutoka, na hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine kwamba zuio halihitajiki tena. Sababu ya tatu ni kuongeza siku za kukaa. Hoteli ingepaswa kuongeza kiasi juu ya idhini iliyopo, lakini wahudumu wengine huchukua idhini mpya ya kipindi chote, na ile ya zamani hubaki ikining'inia.

Ipo pia hali ambapo hoteli imefanya kila kitu sawasawa na benki yako ndiyo imeshindwa kuoanisha malipo na zuio, kwa mfano kwa sababu kiasi cha mwisho kimetofautiana na cha mwanzo au kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha kimesogea kidogo katika siku hizo. Katika hali hiyo hoteli ikikuambia kwamba haina fedha zako, inasema kweli.

Zuio hudumu kwa muda gani?

Kanuni za mitandao ya kadi, yaani Visa na Mastercard, huruhusu idhini za hoteli kudumu kwa muda mrefu kuliko za duka la kawaida, hadi takriban siku 30, kwa kuwa mgeni anaweza kukaa wiki kadhaa. Huo ni upeo, na benki nyingi huachilia zuio la kadi ya debiti mapema zaidi. Benki yako ndiyo inayoamua, na ndiyo inayoweza kukutajia tarehe ambayo zuio litaanguka lenyewe.

Mwenye kadi iliyotolewa na benki ya Umoja wa Ulaya ana kinga ya ziada. Sheria ya huduma za malipo inayojulikana kama PSD2 hairuhusu benki kuzuia fedha kwa muamala wa kadi ambao kiasi chake hakijajulikana, isipokuwa mteja amekubali kiasi kamili cha kuzuiwa, na huitaka benki iachilie fedha bila kuchelewa inapopata taarifa ya kiasi halisi. Uingereza iliingiza kanuni ya namna hiyo katika sheria zake za malipo za mwaka 2017. Kinga hii hufuata benki iliyotoa kadi, kwa hiyo kulala Paris ukiwa na kadi ya Dodoma hakukupi haki hiyo.

Bado niko hotelini. Nifanye nini kabla ya kuondoka?

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda wako wote, kwa sababu jambo linalomalizika kwa dakika chache mbele ya kaunta linaweza kuchukua miezi miwili ukiwa umerudi nyumbani. Omba kuonana na meneja wa zamu au mtu wa uhasibu, kwa kuwa mhudumu wa mapokezi mara nyingi hana ruhusa ya kufuta muamala. Mwonyeshe risiti zote mbili au mistari miwili kwenye simu, na umwombe alinganishe na orodha ya miamala iliyomo kwenye mashine, ambayo huonyesha saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya idhini ya kila muamala.

Ikithibitika kwamba malipo yamepita mara mbili siku hiyohiyo, dai yafutwe, usikubali haraka kurejeshewa. Kufuta huwezekana tu kabla mashine haijafunga hesabu ya siku, jambo ambalo hoteli nyingi hulifanya usiku wakati wa ukaguzi wa mahesabu, na muamala uliofutwa haufiki kabisa kwenye taarifa ya akaunti. Kurejesha ni muamala mpya unaosafiri njia nzima kurudi, huchukua siku kadhaa za kazi na wakati mwingine wiki mbili, na hupitia tena ubadilishaji wa fedha. Ndiyo sababu mgeni anayetoka alfajiri kuwahi ndege angefanya vyema kulipa jioni iliyotangulia, hesabu ya siku ikiwa bado haijafungwa na watu wa uhasibu wakiwa bado ofisini.

Ikiwa kilichobaki ni zuio, hoteli inaweza kutuma maelekezo ya kuliachilia kupitia mashine yake, na ikishindikana inaweza kuiandikia benki yako barua yenye nembo ya hoteli, ikitaja kiasi, tarehe, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya idhini, na kusema waziwazi kwamba haitadai kiasi hicho. Omba barua hiyo itumwe kwa barua pepe yako pia. Benki nyingi huichukulia hatua siku chache baada ya kuipokea, wakati mteja anayelalamika kwa simu bila karatasi huambiwa asubiri.

Usiondoke bila bili ya chumba iliyoandikwa kwamba salio ni sifuri. Bili hiyo ndiyo ushahidi kwamba deni lilikuwa moja na limelipwa, na ukiikosa utakuwa unabishana na benki ukiwa na picha za skrini peke yake.

Mashine ilikataa, mhudumu akapitisha kadi tena, na sasa nimekatwa mara zote mbili. Imekuwaje?

Mara nyingi mashine haikukataliwa na benki bali ilipoteza mawasiliano wakati jibu likiwa njiani. Benki yako ilikwisha kukubali na kuweka fedha kando, ila jibu halikumfikia mhudumu. Mifumo imetengenezwa kutuma ujumbe wa kubatilisha muamala wa namna hiyo, na kwa kawaida fedha hurudi zenyewe ndani ya siku chache. Ujumbe wa kubatilisha nao ukipotea, utasubiri zuio liishe au utumie barua ya hoteli.

Kabla ya kuruhusu jaribio la pili, soma ujumbe kwenye simu yako. Kama umeshaarifiwa kwamba fedha zimetoka, mwonyeshe mhudumu na umwombe achapishe risiti ya jaribio lililoshindikana. Karatasi hiyo ndogo watu wengi huitupa, na ndiyo inayotakiwa kwanza na benki. Kwa msafiri, hili linamaanisha pia kwamba laini inayopokea ujumbe wa benki inapaswa kufanya kazi ugenini, au programu ya benki iwe imewekwa tayari kwenye simu kabla ya safari.

Nililipa kupitia tovuti ya kuweka nafasi, na hoteli nayo imenikata. Nimdai nani?

Tazama jina na mji ulioandikwa kwenye kila mstari wa taarifa yako. Malipo yaliyochukuliwa na Booking.com huweza kuonekana na jina la Amsterdam, yaliko makao yake makuu, na ya Agoda yakaonekana na Singapore, hali ya kuwa malipo ya hoteli yenyewe yanabeba mji wa hoteli au jina la kampuni inayoimiliki, ambalo pengine hujawahi kulisikia. Mistari miwili yenye miji tofauti ni dalili kwamba wakala, yaani tovuti ya kuweka nafasi, amelipwa na hoteli nayo imejilipa.

Soma kwanza uthibitisho wa nafasi yako. Kama umeandikwa kwamba utalipa hotelini, wakala hakustahili kukukata, na kama umeandikwa kwamba umeshalipa, hoteli ndiyo iliyokosea. Hitilafu hii hutokea sana pale ambapo wakala huilipa hoteli kwa kadi yake maalumu ya kidijitali, na mhudumu asiyeiona kwenye mfumo akachukulia kwamba mgeni hajalipa. Ukiwa bado kaunta, mwambie atafute malipo ya wakala kwa namba ya uthibitisho, si kwa jina lako, kwa kuwa majina yetu huandikwa kwa namna nyingi; Athumani akawa Osman, na jina la babu likawa la ukoo.

Akikataa kabisa na huna pa kulala, lipa, lakini dai risiti inayotaja namba ya nafasi hiyo, kisha muandikie wakala siku hiyohiyo. Wakala mkubwa huweza kuibana hoteli kwa urahisi kuliko wewe, kwa sababu hoteli inahitaji kuendelea kuonekana kwenye tovuti yake.

Kiasi cha pili hakilingani na cha kwanza. Je, bado ni malipo ya mara mbili?

Pengine ni gharama nyingine. Dubai hutoza ada ya utalii iitwayo Tourism Dirham, kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi hulipwa hotelini hata kama chumba kimelipiwa mtandaoni. Miji mingi ya Ulaya ina kodi ya namna hiyo. Vinywaji vya kwenye friji ya chumba, kufuliwa nguo na kuchelewa kutoka huweza kuongezwa baada ya wewe kuondoka. Omba mchanganuo kabla ya kudai.

Mashine ilinipa chaguo la kulipa kwa shilingi. Je, hilo linahusiana na tatizo hili?

Linahusiana kwa njia mbili. Kwanza, kulipa kwa sarafu ya nyumbani ukiwa ugenini kwa kawaida hugharimu zaidi, kwa kuwa kiwango hupangwa na mwenye mashine na hubeba faida yake. Chagua sarafu ya mahali ulipo. Pili, mgeni anapogundua kwamba ametozwa kwa sarafu asiyoitaka na kuomba ibadilishwe, mhudumu hutakiwa kufuta muamala wa kwanza kabla ya kuanza wa pili. Akisahau kufuta, una malipo mawili yenye sarafu mbili na kiasi kinachotofautiana, na ukiitazama taarifa haraka hutaitambua kuwa ni bili ileile.

Kwa anayelala Tanzania Bara, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Hoteli ikikukata kwa dola kisha tena kwa shilingi baada ya kusahihisha, angalia kwamba ule wa dola umefutwa kweli.

Nimeshafika nyumbani. Nianze na hoteli au na benki?

Anza na hoteli kwa maandishi, lakini usiisubiri bila kikomo. Andika kwa idara ya uhasibu, kwa kuwa anwani ya uwekaji nafasi huwa inasomwa na watu wasioshika fedha, na utaje tarehe za kukaa, namba ya chumba, namba mbili za idhini na kiasi cha kila muamala. Wape siku saba. Wasipojibu, au wakijibu kwa ahadi isiyo na tarehe, nenda benki ukiwa na barua hiyo mkononi, kwa sababu moja ya maswali ya kwanza ya fomu ya benki ni kama umejaribu kuelewana na muuzaji.

Kama ni zuio, benki nyingi hazipokei pingamizi, kwa kuwa hakuna malipo ya kupinga. Utaweza kuomba zuio liachiliwe, basi.

Fomu ya kupinga muamala ijazwe vipi?

Fomu nyingi hutaka uchague sababu, na watu huharibu madai mazuri kwa kuweka alama mahali pasipo pake. Ukisema kwamba hukufanya muamala, umedai wizi. Benki itafunga kadi yako, itagundua kwamba chipu na namba ya siri vilitumika, na itakataa dai. Sababu sahihi ni kwamba muamala umechakatwa mara mbili, au, kama ulilipa kwa fedha taslimu au kupitia wakala, kwamba umelipa kwa njia nyingine. Visa huzitenganisha sababu hizi mbili katika kanuni zake, namba 12.6.1 na 12.6.2, na ushahidi unaotakiwa kwa kila moja ni tofauti: kwa ya kwanza taja miamala yote miwili, na kwa ya pili ambatanisha uthibitisho wa malipo yale mengine.

Maelezo yawe mafupi na yenye tarehe. Kwa mfano:

"Tarehe 6 Machi nililipa hotelini dirham 1,200 kwa kukaa usiku wa tarehe 2 hadi 5 Machi, na risiti na namba ya idhini vimeambatanishwa. Siku hiyohiyo kiasi hichohicho kilikatwa mara ya pili kwenye kadi yangu kwa namba nyingine ya idhini. Nilikodi chumba kimoja tu, na bili ya chumba inaonyesha kwamba salio lilikuwa sifuri baada ya malipo ya kwanza. Niliiandikia hoteli tarehe 10 Machi na sijarejeshewa. Ninaomba muamala wa pili urudishwe."

Benki ya mahali ulipofungua akaunti huenda ikataka maelezo kwa Kiingereza, kwa kuwa dai litasomwa na benki ya hoteli iliyo nje ya nchi.

Muda wa mwisho wa kudai ni upi?

Mitandao ya kadi huzipa benki siku 90 au 120 kufungua dai, kulingana na mtandao na aina ya kosa, na benki yako hujiwekea muda mfupi zaidi ili ipate nafasi ya kuandaa faili. Dai ndani ya mwezi mmoja.

Mwenye akaunti Marekani analindwa na sheria ya mwaka 1978 ya uhamishaji wa fedha kielektroniki pamoja na kanuni yake iitwayo Regulation E. Anapaswa kuiarifu benki ndani ya siku 60 tangu ilipotuma taarifa yenye kosa, na benki ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikihitaji muda zaidi inaweza kufika siku 45, au 90 kwa muamala uliofanyika nje ya nchi, lakini kwa sharti la kumwekea mteja fedha za muda katika akaunti wakati uchunguzi unaendelea. Kwa Uingereza, ile kinga maarufu ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ni ya kadi za mkopo. Mwenye kadi ya debiti hutegemea kanuni za mtandao wa kadi.

Hoteli inasema imerejesha, benki inasema haijaona kitu. Nimwamini nani?

Huenda wote wanasema kweli. Iombe hoteli namba ya marejeo ya muamala wa kurejesha, yenye tarakimu 23, ambayo benki yake huitoa muamala unapowasilishwa kwenye mtandao wa Visa au Mastercard. Ukiipeleka namba hiyo kwa benki yako, kitengo cha kadi kinaweza kufuatilia ulipofika. Hoteli ikishindwa kuitoa baada ya siku kadhaa, kuna uwezekano kwamba kilichofanyika ni kuandika marejesho kwenye mfumo wa hoteli bila kuyapitisha kwenye mashine.

Fedha zimerudi pungufu. Nani alipe tofauti?

Muamala wa kurejesha hubadilishwa kwa kiwango cha siku ulipofika, na benki nyingi hazirudishi tozo ya muamala wa kigeni iliyokatwa mwanzoni. Kama kosa ni la hoteli, una haki ya kuiomba ifidie, na zile zenye staha hukubali kwa punguzo la safari nyingine. Dai lililopitia benki lina nafasi nzuri kidogo, kwa sababu unaweza kuiomba benki yako ifute tozo ya muamala ambao umethibitika kuwa haukustahili kuwapo.

Je, nifunge kadi?

Hapana, isipokuwa kuna miamala ambayo huitambui kabisa. Kufunga kadi hakuondoi zuio, hakuzuii muamala ambao umekwisha kupitishwa, na kunakuacha ugenini bila njia ya kulipa.

Mtu ameniandikia kwa WhatsApp akijitambulisha kuwa wa hoteli, anataka picha ya kadi ili anirudishie. Nitume?

Usitume. Kurejesha fedha hakuhitaji tarakimu tatu za nyuma ya kadi wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako. Kanuni za usalama wa kadi zinakataza hata hoteli kuzihifadhi hizo tarakimu tatu baada ya idhini. Matapeli huingia katika akaunti za hoteli kwenye tovuti za kuweka nafasi na kuwaandikia wageni wakijua tarehe zao zote, kwa hiyo kujua siku uliyolala si ushahidi wa chochote. Ipigie hoteli wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye bili.

Benki imenyamaza au imekataa dai. Kuna ngazi nyingine?

Omba kwanza jibu la maandishi lenye sababu ya kukataliwa, kwa sababu mara nyingi sababu ni karatasi iliyokosekana, na dai linaweza kuwasilishwa upya kama muda haujapita. Ukishamaliza utaratibu wa malalamiko ndani ya benki, Tanzania inazo kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 na Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja. Uganda ina mwongozo wake wa mwaka 2011, na Kenya hali kadhalika mlalamikaji huweza kufika Benki Kuu. Malalamiko dhidi ya hoteli yenyewe, kama iko Dubai, hupelekwa kwa Idara ya Uchumi na Utalii ya huko.

Safari ijayo nilipieje ili hili lisitokee?

Kama unayo kadi ya mkopo, itoe hiyo kwa ajili ya amana na ulipe bili ya mwisho kwa kadi ya debiti ukitaka, ila uhakikishe zuio la kwanza limeachiliwa mbele yako. Kama huna, uliza kabla ya kufika kiasi cha amana na kama kinazuiwa au kinakatwa. Hoteli nyingi za Deira hukubali amana ya fedha taslimu kwa risiti, na kwa mfanyabiashara aliyebeba fedha za mzigo hiyo ni afadhali kuliko kufungiwa sehemu ya mtaji wiki nzima ya manunuzi. Kumbuka pia kwamba zuio hula kikomo cha matumizi cha siku ambacho benki imekiweka kwenye kadi, hivyo kadi inaweza kukataliwa dukani wakati salio lipo. Omba kikomo kipandishwe kabla ya kusafiri.

Nililipa kwa kadi ya kidijitali iliyotolewa kwenye simu. Utaratibu ni uleule?

Mazuio na madai hufanya kazi vilevile, ila mambo mawili hutofautiana. Hoteli inaweza kukataa kadi isiyoweza kuchomekwa kwenye mashine, ikataka ya plastiki, na hapo ndipo kadi mbili hukatwa kwa chumba kimoja: ile ya kidijitali iliyoshikilia nafasi na ile uliyoitoa kaunta. Na fedha zinaporejeshwa, hurudi kwa kadi iliyolipa, hata kama umeshaifuta na kutengeneza nyingine kwenye programu. Kwa hiyo usiifute kadi hiyo mpaka marejesho yaonekane, na kama ulikwisha kuifuta, mjulishe mtoa huduma namba ya marejeo ya muamala ili fedha zielekezwe kwenye akaunti yako.